Saruji Kwenye Kanisa la Zombe

Harufu ya saruji mbichi inanitia hasira hadi leo. Inanirudisha Zombe, likizo ya Agosti nilipokuwa darasa la tano, wanaume wa kanisa letu walipoamua kulifanya jipya. Lilikuwa kanisa la mawe, kuukuu kuliko mtu yeyote aliyekuwa hai pale. Kila mwaka kabla ya mvua, nyanya yangu, tuliyemwita Susu, na kina mama wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana kazi, waliziba nyufa za nje kwa chokaa, mchanga wa mtoni na udongo wa kichuguu, wakishindilia kwa vidole gumba. Wenzake walipozeeka na kufa, kuta zikaanza kumomonyoka.

Susu alisimama mkutanoni akaomba apewe wasichana awafundishe. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mtu wa tai na majivuno, hakumwacha amalize.

“Susu, hiyo ni mambo ya zamani. Sisi tunataka kanisa ing'ae.”

“Na maji ikiingia nyuma ya simiti, itatokea wapi?”

“Itaenda mbinguni!”

Kanisa zima likacheka, mama yangu akiwemo. Niliwachukia wote. Susu aliketi, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena mle ndani. Alisali nyumbani, na wiki ile ile akanifundisha mchanganyiko wake nyuma ya jiko, akinipiga vidole kila nilipozidisha mchanga. Walipaka saruji kila mahali, wakaipiga rangi ya krimu. Msimu wa tatu wa mvua haukuisha kabla saruji haijaanza kubanduka vipande vipande, ikitoka na nyuso za mawe. Susu alikuwa amekwisha kufa. Hakuna aliyekuja kutuomba radhi.

Mwezi uliopita mwenyekiti yule yule, sasa mzee wa mkongojo, alinipigia simu. Wanataka kuondoa saruji iliyobaki na kulirudisha kanisa kama lilivyokuwa. “Mwanangu, tunasikia Susu alikufundisha.” Mwanangu! Watu husema miaka hupoza hasira. Yangu haijapoa, na wala siionei haya. Ningefurahi kumnyima. Lakini nikinyamaza, atakayeanguka si yeye, ni ukuta wa Susu, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Jumamosi nitakwenda kuwafundisha wasichana wao. Yeye sitamsalimia.