Pepo ya Nyoka wa Wendell

Kwa miaka ishirini na miwili, kila aliyekuta uani kwake nyoka-njuga, yule mwenye sumu anayetikisa mkia ukalia, alimpigia simu Wendell Ochoa, fundi wa mabasi mstaafu. Wendell alikuja na fimbo ya ndoano na ndoo yenye mfuniko, akimbembeleza nyoka kama mtoto anayekataa kuoga. "Haya mama, ingia, kabla hawajaleta beleshi." Kisha alimpeleka maili kumi na tano jangwani, kwenye korongo lenye maji na panya tele, pasipo nyumba hata moja. Mwenyewe alipaita peponi.

Nyumbani alifuga watatu tu, vilema, ndani ya masanduku ya kioo. Wendell aliapa kwamba nyoka mzima hatamfungia kamwe. "Mzima ukimweka kiooni anageuka picha," alisema.

Mwaka huu Noelia, mwanafunzi wa chuo anayechunguza nyoka, alimwekea nyoka mmoja kidude cha redio chini ya ngozi: jike mnene aliyetolewa chini ya ngazi ya Marlene, jirani wa Wendell. Yeye na Wendell wakamwachia kule korongoni, wakawa wanaufuata mlio wa kidude hicho.

"Anatalii huyo!" Wendell alicheka wiki ya kwanza.

Lakini jike hakutulia. Hakula. Alizunguka, akarudia njia zake, akazunguka tena, akitafuta lile pango la kwao ambamo jamaa zake wote hulala kila baridi. Wiki ya saba walimkuta chini ya kichaka, mkavu kama mkanda wa suruali.

"Labda alikuwa mgonjwa," alisema Wendell.

"Mzee Ochoa..." Noelia alitazama viatu vyake. "Wenzangu waliwafuata kumi na wawili waliohamishwa mbali hivi. Wamebaki hai wawili."

"Mimi nimewahamisha mia nne."

Mia nne!

Jumamosi Marlene akapiga simu. Mwingine, chini ya ngazi ileile.

"Niache nimwachie hapo nyuma ya uzio," Wendell alimsihi alipofika. "Hapa ndipo kwao, Marlene."

"Kwao? Na mimi kwetu wapi, mwezini? Mwachie uone kama hili beleshi ni pambo. Si una pepo yako? Mpeleke huko!"

Wendell akamtia ndooni. Ndani ya gari aliifunga ndoo mkanda kwenye kiti cha abiria, kama kawaida yake, ila safari hii hakuondoka. Kushoto ni korongoni. Kulia ni nyumbani. Ndoo ikalia kama kayamba, ikalia, mpaka Marlene akatoka kibarazani kuuliza kama gari limeharibika.

Wendell akakata kona kulia.

Nyumbani alitoa sanduku la nne stoo, akapangusa vumbi, akaweka mchanga na bakuli la maji. Siku nne nyoka alitikisa mkia ukalia kila Wendell alipopita. Ya tano akanyamaza.

Wendell akachuchumaa, akagonga kioo kwa ukucha.

"Haya mama, nitukane basi."

Akagonga tena. Mkia haukutikisika.