Kura Yangu na Tegesha ya Kanisa

Kabla sijawasema wenzangu, niseme kwamba nami nilikuwa na tegesha. Kwetu, kando ya mgodi, kila mtu alijua maana yake: kibanda kinachosimamishwa kwa wiki moja kwenye eneo linalotarajiwa kuchukuliwa, kisha mwenye nacho anangoja wathamini wa fidia. Hakuna aliyelala ndani isipokuwa mbuzi. Changu nilikijenga ubavuni mwa nyumba ya mama. Ile ilikuwa nyumba ya kweli, aliyoingia akiwa bibi harusi kutoka Kemambo, akazalia humo watoto saba.

Kanisa nalo lilitegesha. Tuliliita jengo letu darasa la watoto, ingawa hakuna mtoto aliyewahi kutia mguu. Ili lionekane la zamani, mama zetu wa kwaya walifukiza mavi mabichi ya ng'ombe ndani yake kwa siku tatu, mabati yaingie masizi. Walikohoa, wakaimba, wakakohoa tena. Mavi nililetewa mimi, katibu wa kanisa, nikayapokea kwa shukrani.

Ukaja uchaguzi wa mwenyekiti wa kitongoji. Sahihi yake ndiyo ingewaambia wathamini nyumba ipi ina miaka na ipi imeota juzi. Wagombea walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mwalimu mstaafu, mama mkavu asiyejua kuchekea watu, aliyetangaza hadharani kwamba hasaini tegesha yoyote, hata ya kanisa. Mwingine alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, muumini wa Krismasi na Pasaka, aliyeahidi kusaini zote.

Tukafunga siku mbili ili tuonyeshwe mteule wa Bwana. Unafiki mtupu! Jibu tulikuwa nalo tangu siku mchuuzi alipofungua mdomo, ila tulitaka Mungu aonekane ndiye aliyelitoa. Jumapili mchungaji akamwita mchuuzi mbele, wazee tukamwekea mikono, na mkono wangu ulitangulia. Mchungaji akasema anayempinga huyu anampinga aliyemtuma. Tuliitikia amina mpaka mabati yakatetemeka.

Mama hakuitikia. Nilimfuata nyumbani nikiwa nimefura.

"Mama, unaniaibisha. Mimi ni katibu."

"Mura," alisema, maana hata nikiwa na mke na watoto aliniita kijana, "ile amri ya kutoshuhudia uongo mmeipeleka wapi?"

"Hiyo ni siasa, mama. Mambo ya kanisa ni mengine."

"Mtu anayesaini uongo wa kila mtu, sahihi yake itanifaa nini mimi mwenye nyumba ya kweli?"

Nilicheka. Nilimwona mama wa watu hajui dunia inavyokwenda, nikamwacha na ungo wake.

Siku ya kura alimpigia mwalimu, na hakuficha. Aliwaambia wote kisimani. Mwalimu alibwagwa vibaya. Sisi watakatifu tulizunguka kitongoji kizima tukiimba, na mimi nilipiga ngoma.

Wathamini walikuja wakati wa kuvuna mahindi. Aliyetufikia alikuwa kijana mpole mwenye kofia ngumu, ameshika karatasi zenye sahihi ya mteule wetu kila ukurasa. Aliingia darasa la watoto, akanusa, akapitisha kidole kwenye masizi. Alipotoka alichora alama nyekundu ukutani: hii hailipwi. Kibanda changu alikichora bila hata kuingia, mbuzi wakimtazama. Kisha akasogea kwa mama na rangi yake.

"Hiyo siyo tegesha!" nilimwambia. "Ina miaka na miaka. Soma hapo, mwenyekiti amethibitisha."

"Amethibitisha zote, kaka," alisema bila ubaya. "Hata lile darasa lenu. Sasa mimi nimwamini wapi na niache wapi?"

Akachora.

Nilimwapia kwa jina la Mungu. Aliniangalia kwa huruma, kwa sababu wote waliomtangulia kumlilia asubuhi ile walikuwa wameapa kwa jina hilo hilo.

Mama alitoka jikoni akifuta mikono. Aliitazama alama kwenye ukuta aliokuwa akiukandika upya kila mwaka kwa viganja vyake. Alimpita kijana. Alinigeukia mimi.

"Kawaambie wenzako waniwekee na mimi mikono," alisema. "Nahama."