Gari la Mwalimu

Fundi Cheche hakuwa na imani na mita za kupimia umeme. Kwa miaka thelathini na ushei ya kuchezea umeme wa magari, alipima alteneta kwa njia moja tu: anawasha injini, anachomoa terminali moja ya betri, anakunja mikono. Injini ikiendelea kuunguruma, alteneta inazalisha umeme; ikizima, alteneta imekufa. Mita, alipenda kujitapa, ni za mafundi wasiojiamini. Mazoea yana taabu, na aliyemfunza alifanya hivyohivyo.

Asubuhi hiyo nesi mmoja alileta gari ambalo taa ya betri ilikuwa haizimiki. Cheche akachomoa terminali kama kawaida yake. Taa za mbele ziling'aa ghafla kupita kiasi, kisha injini ikazima. Akarudisha terminali, akapiga stata. Stata ilizunguka vizuri, injini ikagoma kuwaka. Alijaribu mara saba, nesi akimtazama.

Ikabidi aitwe mama mmoja wa mtaa wa pili anayetengeneza kompyuta za magari. Alifungua kiboksi chini ya dashibodi, akanusa harufu ya kuungua, akauliza nani kachomoa betri injini ikiwaka. Cheche alipojitaja, mama akamweleza taratibu kwamba betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta. Ukiitoa ghafla, volti zinaruka na kuchoma kompyuta. Magari ya zamani hayakuwa na kompyuta, ndiyo maana yalivumilia. Angeweka mita kwenye betri injini ikiwaka, ikasoma volti kumi na nne hivi, angejua alteneta ni nzima bila kuchomoa kitu.

"Hata lile gari la mwalimu liliungua hivihivi," akaongeza. "Alilileta kwangu baadaye, nikalifungua mimi."

Cheche akakaa juu ya tairi.

Gari hilo, la mwalimu mmoja mteja wake, lilifia humohumo gereji miaka miwili nyuma. Mdogo wake Cheche, ambaye alimlea tangu wazazi wao walipofariki na kumfunza kazi kwa mkono wake, alikuwa ametoka kulifungia redio. Injini ilipozima, Cheche alisema waya za redio zimeungwa vibaya. Akamfokea mdogo wake mbele ya wateja, akamwita muuaji wa magari ya watu, akamfukuza. Tangu hapo hata kwenye msiba wa shangazi yao kila mmoja alikaa kivyake. Jambo moja hakuwahi kulitaja, wala kulifikiria: injini ilizima terminali ikiwa mkononi mwake yeye, akipima alteneta kabla ya kukabidhi gari.

Alimpigia mdogo wake simu palepale, akakosea namba mara mbili. Ilipopokelewa, hakusalimu. Alisema tu kwamba lile gari la mwalimu aliliua yeye.

"Najua, kaka," mdogo wake akajibu. "Nilikuwa nimesimama pembeni yako."

Cheche akauliza:

"Na kwa nini hukusema?"

"Mbele ya wateja wako? Wewe ndiye uliyenilea."

Cheche alitaka kuomba radhi. Badala yake akalia, mtu mzima mwenye mvi, simu sikioni, na wala hakujali kwamba nesi alikuwa bado amesimama pale akimsubiri.