Waya wa Baba na Nyuki wa Mzee Kasanda

Jumamosi ya kwanza ya Julai mwaka huu nilikuwa uani kwangu, hapa Majengo, Mpanda, nikipeta karanga, binti yangu Neema aliporudi kutoka mjini na kisanduku cheupe kisichozidi kipande cha sabuni. Alikiweka dirishani, kikawasha taa ya kijani, naye akatangaza kwamba tangu sasa nyumba nzima ina intaneti. Nilikigeuza juu chini nikitafuta antena, nisione kitu.

"Antena yake iko wapi?"

"Imo humo humo ndani, mama. Siku hizi wanaichapa kwenye kibao, kama mchoro. Haina haja ya kuchomoza."

"Inaelekea upande gani?"

"Pande zote."

Mama yangu, ambaye sasa anaishi nami na masikio yake yangali makali kuliko yangu, aliuliza kutoka mkekani, "Kinavuma?"

"Hakivumi, bibi."

"Basi kisilale chumbani kwangu. Waya wa babu yako ulivuma, tukajua uko wapi."

Neema alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka, kwa sababu waya huo naujua.

Sisi tuliokulia Inyonga, wakati redio ilipokuwa na kitambaa chake cha kufumwa na kiti chake sebuleni, tunajua kwamba sauti haikuja yenyewe. Ilitafutwa. Baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi, aliitafuta kwa miaka. Alianza na ringi ya baiskeli juu ya mti mrefu, ikaleta mkoromo. Akajaribu mfuniko wa sufuria, ukaleta ugomvi na mama. Mwishowe alipata waya wa shaba kutoka kwenye mota iliyoungua ya mashine ya kusaga, akaukunjua kwa subira, akautandaza kutoka nguzo ya pembeni mwa nyumba hadi kwenye mti mkubwa wa mtundu uliokuwa mpakani na jirani yetu. Kila ncha aliifunga kwenye shingo ya chupa iliyovunjwa, ili sauti, kama alivyotueleza, isivujie mtini. Waya mwingine kutoka redioni aliufunga kwenye nondo iliyozamishwa ardhini karibu na bafu, na ardhi hiyo ilipaswa kuwa na unyevu.

Kazi ya kuinywesha ilikuwa yetu. Kila jioni kabla ya taarifa ya habari, mimi na rafiki yangu Kalunde tulibeba kopo la maji na kulimimina polepole kwenye shina la ile nondo. Mkoromo ulipungua kama mtu anayesafisha koo, kisha msomaji wa habari akatokea katikati ya sebule yetu, na harufu ya nyama ya kukausha ikiingia kutoka jikoni. Tuliamini kwamba tumemnywesha yeye.

Watu walituona. Nao walikuwa na haki ya kujiuliza ni kwa nini watoto wanamwagilia chuma, na kikiota kitazaa nini.

Aliyejiuliza zaidi ya wote alikuwa baba yake Kalunde, jirani yetu Mzee Kasanda, mrina asali. Mizinga yake ya magome ilining'inia juu ya miti tangu nyuma ya nyumba yao hadi ndani ya pori, na ule mtundu wa mpakani ulikuwa na alama yake iliyochongwa kwa shoka. Kwetu kule mti wenye alama ya mtu haukuguswa bila ruhusa. Baba aliomba ruhusa, akapewa. Lakini kiangazi kilipofika na upepo ukaanza kuupiga waya, ukavuma. Ulivuma mchana kutwa, sauti nzito isiyopumua. Mrina asali hakuhitaji kuambiwa sauti hiyo inafanana na nini. Msimu huo mizinga yake ilikuwa mitupu.

Nakumbuka alivyokuja, akakataa kiti, akaegemeza sikio kwenye nguzo.

"Mwalimu, hilo ni kundi linahama. Nyuki wangu wanalifuata."

"Ni upepo, mzee."

"Kwa hiki kijiwaya unavuta sauti za watu wa Dar es Salaam. Nyuki wangu hapo jirani ndio watakushinda?"

"Sauti haina mabawa, mzee wangu."

"Basi imefikaje hapa?"

Baba, aliyekuwa na jibu la kila swali la darasa la saba, alimsogezea kiti kwa mara ya pili. Siku chache baadaye nilimkuta peke yake, ameegemeza sikio kwenye nguzo ile ile. Aliponiona alianza kukaza fundo lililokuwa limekaza tayari. Tangu hapo nami nikawa na shaka.

Wazee wa mtaa waliamua waya ushushwe kwa msimu mmoja, ionekane kama nyuki watarudi. Baba aliukunja, akautundika darini. Redio ilibaki na mkoromo, na redio nyingine mbili za pale zilisikika kwa bahati tu. Ni katika majuma hayo ambapo bibi, mama yake mama, alifariki Sikonge, na tangazo lake likasomwa redioni pamoja na matangazo mengine ya vifo. Sisi hatukulisikia. Habari zilitufikia kwa dereva wa lori la tumbaku, aliyempa mama pole akidhani anajua. Bibi alikuwa amekwisha kuzikwa.

Mama hakupiga kelele. Alituita ndani, akasema, "Nyie watoto, kutoka nyumba ile msipokee kitu, hata chumvi." Kesho yake nilikutana na Kalunde kisimani. "Pole," alisema, kisha akaongeza, "lakini waya wenu ndio ulianza." Nilimwaga maji yangu, nikaondoka. Kabla ya msimu wa kurina baba alipewa uhamisho kuja Mpanda. Sikuwahi kujua kama nyuki walirudi.

Vijana wetu hawana shida ya namna hiyo. Neema hamwagilii chochote, na mtandao ukikatika hutikisa simu kama mtu anayemwamsha mlevi. Haulizi kisanduku kinamsikiliza nani. Sisi tuliushuku waya kwa sababu tuliuona. Tuliweza kuugusa, kuugombea, kuushusha. Hiki cha dirishani kinaelekea pande zote, hakina fundo wala mti wa jirani, na mwenye kukishuku hana pa kuegemeza sikio. Usiku nakifunika kwa kanga. Neema anasema haisaidii kitu.

Majuma kadhaa baadaye nilipata habari kwamba Kalunde yuko Inyonga bado, na nikapewa namba yake. Sikuipiga. Kwenye simu mtu hukwambia unachotaka kusikia. Niliandika barua, nikaikabidhi kwa kondakta wa basi:

"Kalunde,

Ni mimi Nyamizi, binti wa mwalimu. Mama yangu yu hai, na hadi leo hataji jina la kwenu. Sikuandikii kugombana. Nataka kujua jambo moja ambalo kwetu hakuna awezaye kuniambia: msimu ule, waya ulipokuwa chini, mlirina? Kama mizinga ilijaa, nitamwambia mama kwamba alichokosa kiliwapa watu asali, na huenda akaweza kulibeba hilo. Kama ilibaki mitupu, niandikie hivyo hivyo, usinionee huruma. Baba alifariki bila kuuliza, lakini waya ule hakuupandisha tena mahali popote, hata huku Mpanda ambako hakukuwa na mzinga wa mtu.

Nijibu kwa mkono wako. Nataka kuuona mwandiko."