Shali Isiyofunguliwa

Zuurakan alikuwa amebakiza lipo moja tu la mkopo. Kumi na moja alikwisha kuyatoa, na alikoyatoa Mungu ndiye ajuaye. La kumi na mbili, som elfu sita na mia nane, lilitakiwa Jumatano kabla ya saa kumi jioni. Akilipa hilo, Targil, ng'ombe wake mwenye michirizi, anakuwa wake tena kuanzia pembe hadi mkia. Asipolipa, basi tena. Alikwisha kuchelewa mara mbili, na karatasi aliyotia saini ilisema wazi kwamba mara ya tatu watakuja na kamba.

Mkopo wenyewe aliuchukua mwaka jana, upepo ulipoezua bati wiki ile ile mvua ya mawe ilipoyalaza maharagwe. Bonde letu lote la Talas ni maharagwe. Tunayapanda, tunayapalilia, tunayauza kwa watu wa mbali, halafu wenyewe tunakula viazi. Basi Zuurakan akakopa pesa ya bati na ya mbegu, akaweka ng'ombe rehani, akarudi kwenye masufuria yake ya shule ya msingi, ambako alikuwa mpishi kwa miaka kumi na tisa.

Mshahara wa jikoni uliishia kwenye unga na makaa ya mawe. Lipo la kila mwezi lilitoka kwa Targil mwenyewe: maziwa yakawa mtindi, mtindi ukakaushwa ukawa vidonge vya chumvi, na vidonge akawauzia madereva barabara kuu. Majani ya chai aliyachemsha mara mbili, na mgeni alipofika akasema familia yao inapenda chai nyepesi. Kwenye karamu alijifunza kukaa karibu na kikongwe asiye na meno, maana nyama ya kikongwe asiye na meno lazima iende kwenye mfuko wa mtu. Alikuwa akirudi na mfuko mzito, nyumba nzima inakula siku mbili, na yeye anaimba.

Lakini karamu nazo zina gharama yake, na hapa niseme wazi, maana jambo hili limenikera miaka mingi. Kijijini kwetu mtu haendi karamuni mikono mitupu. Anakwenda na shali. Shali nzuri, ya sufu, yenye maua, imekunjwa ndani ya mfuko wake wa nailoni. Anayepewa anashukuru, anaisifu, anaiweka sandukuni. Wiki ijayo anaalikwa kwingine, anaitoa anaipeleka. Ukishaifungua huwezi tena kuigawa, kwa hiyo haifungui mtu. Zipo shali zilizozunguka bonde hili hadi watoto waliozikuta wameoa, na hazijagusa bega la mwanamke hata mmoja. Sisi tunatetemeka tu na makoti ya zamani.

Sasa, Ishen, mumewe Zuurakan, ni mtu mwema kupita kiasi. Pesa ya lipo la Machi alimwazima jamaa ambaye farasi wake alivunjika mguu. Farasi alipona, pesa haikurudi. Ndipo Zuurakan akaanza kuficha. Chini ya godoro Ishen angeona. Kwenye kopo la sukari mama mkwe angeona, kwa kuwa Batma na kopo la sukari walikuwa hawaachani. Zuurakan akawaza: ni kitu gani ndani ya nyumba hii ambacho hakuna binadamu atakayekifungua? Akachukua shali ya kijani kutoka kwenye mlundo wa mifarishi, akaingiza noti tano katikati ya mikunjo, akaunganisha nailoni kwa moto wa kibiriti. Pakabaki kovu dogo mfano wa punje ya haragwe. Aliliangalia akajipongeza kwa akili zake.

Jumanne mchana alirudi kutoka shule, akainua mifarishi. Palikuwa na shali ya bluu, nyekundu na ya kahawia. Akainua tena, kana kwamba mara ya pili rangi zingebadilika.

"Mama," akaita, sauti ameilegeza makusudi. "Ile shali ya kijani iko wapi?"

Batma alikuwa sakafuni anachagua maharagwe. "Nilikwenda nayo Jumamosi kwa Toktokan. Mjukuu wake alikuwa analazwa kwenye susu mara ya kwanza. Ulitaka niende mikono mitupu, watu waseme nina mkwe mchoyo?"

"Lakini zilikuwapo nyingine tatu."

"Ile ndiyo ilikuwa nzuri. Toktokan alivyoiona akanipakulia nyama ya kiuno, mimi, mbele ya dada yake mkubwa." Akamtazama mkwewe kwa jicho la pembe. "Mbona unauliza? Ulitaka kuivaa?" Akacheka peke yake, maana aliona amesema kichekesho.

Zuurakan naye akacheka. Hakuthubutu kusema. Batma akijua, angetoka mbio kupita mtaa mzima akilia, na hadi magharibi kila nyumba ingelijua deni, na Ishen angejua kwamba mkewe anamficha pesa. Na kuidai zawadi uliyokwisha kuitoa ni aibu ambayo kwetu haina hata jina. Akajitanda kitambaa chake kilichochakaa, akaenda kwa Toktokan.

"Wifi, karibu, chai iko motoni," alisema Toktokan, ambaye ni binamu ya Ishen.

"Sikai. Ile shali aliyokuletea mama, binti yangu anataka ya rangi ile ile. Nilitaka niione kidogo tu, nimweleze kwenye simu."

Toktokan akawa mwekundu kuanzia shingoni. "Ah, ile. Nimeiweka sandukuni, chini kabisa. Na ufunguo ameondoka nao mwanangu."

Wote wawili wakaliangalia sanduku. Halikuwa na kufuli. Halikuwa hata na tundu la kufuli, na paka alikuwa amelala juu yake.

"Toktokan," alisema Zuurakan.

"Usimwambie Batma, nakuomba. Jumapili Burul alikuwa anamchumbisha kijana wake, na mimi nimebomoka kwa gharama za karamu ya susu, sina hata senti. Haikulala kwangu hata siku mbili."

Zuurakan alikuwa na hasira, lakini alipomwona mwenzake amejiinamia vile, kicheko kikamponyoka. "Unakumbuka ile ya zambarau uliyonipa kwenye harusi ya binti yangu?"

"Enhe?"

"Niliipeleka karamuni kijiji cha Sheker wiki iliyofuata."

Walicheka mpaka paka akashuka kwenye sanduku. Lakini Zuurakan alipotoka nje kicheko kikamkatika, kwa sababu sasa alijua shali imekwenda kwa nani. Burul ni mama yake Kanyshai, na Kanyshai ndiye anayekaa kwenye ofisi ya mikopo mjini, ndiye mwenye muhuri, ndiye aliyemsomea ile karatasi yenye habari za kamba.

Burul hakujisumbua hata kudanganya. "Ya kijani? Kaondoka nayo Kanyshai jana asubuhi. Kesho bosi wake anaoza binti, atapitia huko huko akitoka kazini. Si unajua siku za kazi analala mjini."

Zuurakan alipiga namba ya Kanyshai mara mbili, na mara mbili akaikata kabla haijaita. Angemwambia nini? Samahani mwanangu, deni lenu liko kwenye zawadi yenu? Usiku alikwenda zizini, akamkuna Targil katikati ya pembe. "Wewe tulia tu," alimwambia, ingawa aliyekuwa hajatulia si ng'ombe.

Jumatano aliomba ruhusa shule, akafika ofisini saa nne. Mbele yake walikuwa watu sita, nyuma yake akaja kikongwe mmoja na mfuko wa kamba. Zuurakan hakuwa na som hata moja ya kulipa. Alikuwa na macho tu, na macho yalikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha Kanyshai. Mgongoni mwa kiti ulining'inia mfuko, na kwenye mdomo wa mfuko ilichungulia nailoni yenye kovu la haragwe.

"Shangazi Zuurakan," alisema Kanyshai zamu ilipofika. Alikuwa amekula uji wa Zuurakan miaka minne shuleni, na heshima ile haikumtoka. "Leo ndiyo la mwisho. Nimefurahi kwa ajili yako. Haya, tuletee."

"Limeshafika, mwanangu."

Kanyshai akapekua makaratasi. "Mbona silioni?"

"Liko nyuma ya mgongo wako."

Kanyshai aligeuka, akaona ukuta na kalenda. Ndipo Zuurakan akainama, akamweleza yote kwa sauti ya chini, kuanzia farasi wa mguu mbovu hadi paka wa Toktokan. Alieleza huku anatokwa na jasho, na ofisi nzima imenyamaza kusikiliza.

"Shangazi, hii ni zawadi. Shali ya zawadi hufunguliwa?" Kanyshai aliinong'oneza kama jambo la haramu. "Na kama hamna kitu ndani, jioni nitakwenda na nini kwa bosi?"

"Kama hamna kitu, nitakuja mwenyewe na kamba ya ng'ombe."

Kikongwe wa nyuma akakohoa. "Ifungue, binti. Nina miaka themanini na moja, sijawahi kuona ndani ya hiyo mifuko kuna nini."

Kanyshai akaipasua nailoni. Akaikung'uta shali mara moja, hakuna kitu. Zuurakan akashika ukingo wa meza. Akaikung'uta mara ya pili, na noti tano zikaanguka juu ya makaratasi, ya elfu tano ikiwa juu kabisa. Watu waliokuwa kwenye foleni wakapiga makofi, hata wale waliokuja kuomba kuongezewa muda. Zuurakan alikaa chini kwanza, ndipo akaweza kulia.

Kanyshai alipiga muhuri, kisha akaishika kalamu hewani. "Shangazi, pesa hii iliingia nyumbani kwetu Jumapili. Umelipa siku tatu kabla ya muda."

Ikabaki aibu ya jioni, Kanyshai kwenda kwa bosi mikono mitupu. Lakini kikongwe alikwisha kuuingiza mkono kwenye mfuko wake wa kamba. "Chukua hii yangu. Nami utanipa siku ukipata nyingine. Ilikuja Sheker miaka mitatu iliyopita, bado mpya." Ilikuwa ya zambarau. Zuurakan aliitambua mara moja, akageuka kutazama dirishani.

"Na hii ya kijani sasa haina kazi," Kanyshai alimwambia, akimtupia mabegani.

Alifika nyumbani upepo wa Novemba ukivuma kutoka milimani. Ishen aliambiwa uani. Akacheka kwa nguvu, hadi alipoelewa aliyekuwa akifichwa pesa ni nani. "Kesho nitakwenda kwa yule wa farasi," akasema, na akaenda kumwongezea Targil majani.

Batma alikuwa mlangoni. Aliiona shali tangu getini.

"Umeifungua," alisema.

"Imefunguka, mama. Ndani yake mlikuwa na lipo la mwisho. Uliligawa kwa Toktokan."

Zuurakan alimsimulia yote. Alingoja mama mkwe aanze kulia au kujitetea, lakini Batma alikuwa hamtazami yeye. Alinyoosha mkono, akakamata ncha ya shali, akaisugua kati ya vidole, akaiweka kwenye shavu lake.

"Kumbe zina joto," alisema.

"Zina joto, mama."

"Miaka yote hii hakuna aliyeniambia." Akaiachia ile ncha, akaketi karibu na jiko. "Kaniletee ile nyekundu."

"Nyekundu si ya harusi ya Ijumaa?"

"Ijumaa nitakwenda na mkate."