Nilivyompakia Mama Mkwe Mshikaki

Jamani, hii habari huwaga siisimulii mke wangu akiwepo, na hata hapa naisema nimeinamisha kichwa, kwa hiyo mcheke taratibu.

Mama mkwe wangu anakaa Butiama. Jicho lake la kulia lilikuwa limeanza kuingia ukungu, na madaktari wa macho walikuwa wamekuja Musoma, siku ile ndiyo ya mwisho. Mke wangu akaniambia, "Baba Nyabise, si una pikipiki? Mpeleke mama." Nikaitikia kwa mbwembwe (pikipiki ilikuwa mpya, nataka ukweni waone binti yao hakukosea), kumbe sijafikiria mama atakaaje. Si mnajua kwetu mtu na mama mkwe wake hata mkono hatupeanagi? Sasa aje anishike kiuno mpaka Musoma, mchana kweupe! Nikajiona nina akili: shemeji yangu Nyangeta, mdogo wake mke wangu, akae katikati yetu awe ukuta, yaani tupande mshikaki, watatu pikipiki moja. Kofia ngumu zilikuwa mbili, yangu na ya mama. Nyangeta akajifunga kitenge kichwani.

Mama akauliza, "Baba, watatu tunaruhusiwa kweli?"

"Mama, usiwe na wasiwasi, hii njia naijua."

Tukaenda vizuri mpaka karibu na barabara kuu, mara nikaona nguo nyeupe. Trafiki! Hapo ningesimama tu, niandikiwe kosa langu, yaishe, lakini mimi huyu, nigombezwe mbele ya mkwe? Nikakata kulia kwenye njia ya ng'ombe, filimbi inalia nyuma, Nyangeta anapiga mayowe, na mbele kuna dimbwi ng'ombe wanakunywaga maji, nikabana breki ya mbele (kwenye tope, na watu watatu, mjinga mimi!), wote chini.

Nilipofumbua macho, mama mkwe alikuwa juu yangu. Juu yangu kabisa, kofia yake imegota kwenye yangu, na wachunga ng'ombe wamesimama midomo wazi. Akajaribu kujiinua, mkono ukakataa. "Nisamehe, baba," akaniambia, eti yeye ndiye ananiomba mimi msamaha!

Trafiki akafika anahema. "Wewe bwana, mngekuwa wawili na kofia zenu ningewapungia mkono mpite. Ulikuwa unakimbia nini?"



Musoma tulifika, ila kwa gari la watu, na kilichohudumiwa ni mkono. Mpaka plasta inakauka, wale wa macho walishafunga vitu vyao wameondoka.

Jioni mashangazi wakaja kumpa pole, wakamuuliza imekuwaje. Nimekaa pale mlangoni natamani ardhi ipasuke inimeze. Mama akasema, "Niliteleza kisimani." Nyangeta akaangalia chini. Wakanisifu mimi kwa kumkimbiza hospitali, na chai nikapewa ya kwanza.

Tangu siku hiyo abiria wangu ni mmoja, kofia kichwani, na trafiki akinyoosha mkono nasimama, hata kama nyuma nimembeba nani. Lakini wale madaktari hawajarudi bado, na ukungu umeshaingia na jicho la pili. Tukienda kumsalimia mama, namwona anapapasa ukuta akitafuta mlango, nami napita nyuma ya nyumba, na watu wanadhani ni heshima ya ukwe.