Mama Mkwe Alizika Kitovu cha Mwanangu Chini ya Mkwaju Wangu wa Bakuli

Aliyetuletea barua hii yuko Voi. Jina lake tunalo, lakini halitatoka hapa. Hata jina la mtoto tumelibadili.

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minne, Mtaita, karani wa mizigo hapa Voi. Nina mke na mtoto mmoja wa kike, Wakesho, wa miezi mitatu, tuliyempata baada ya kungoja miaka sita. Nilisoma hadi sekondari, na kila jioni huandika daftari langu, kwa hiyo haya sikuyakisia. Yameandikwa siku kwa siku.

Wakati wa vita nilikuwa karani wa jeshi, na kabla ya kurudishwa nyumbani tulikaa Kalkata miezi minne. Huko palikuwa na Mchina mzee, fundi wa viatu, aliyekuwa na mti ndani ya bakuli mlangoni pake. Mti mzima, shina la kizee, matawi yamejipinda, lakini kimo chake hakifiki goti. Ulianzwa na baba yake. Kila Jumapili nilikwenda kumtazama akipunguza mizizi na kupinda matawi kwa waya, naye akinieleza kwa Kihindi chetu cha kuungaunga.

Niliporudi nilikuta mkwaju kwenye ufa wa jiwe chini ya kilima cha Sagalla. Mbuzi walikuwa wameutafuna miaka mingi hata ukawa mfupi kama kigoda, shina nene kama kifundo cha mkono wangu. Niliuchimba siku mbili. Nikautia katika bakuli pana la udongo, nikalitoboa chini, nikaupinda kwa vipande vya waya wa shaba. Miaka saba nimeulea hivyo. Maji hapa ni ya shida, kwa hiyo niliunywesha maji niliyonawia uso, asubuhi na jioni. Jirani yangu, mzee wa Kiswahili mwenye duka, hakuchoka kunichokoza: "Bwana karani, mwanao huyu habalehi? Au ndiye atakayekuoza wewe?" Nilicheka naye. Sikuwa na mtoto mwingine wa kuchekea.

Mke wangu alipojifungua, mama yake alishuka kutoka Mghange kuja kumwangalia. Wiki ya pili nikatumwa Taveta kushika nafasi ya karani aliyeugua. Nilirudi baada ya siku kumi na mbili, nikakuta bakuli limeoshwa, limefudikizwa juani kama sufuria. Mkwaju umepandwa ardhini nyuma ya nyumba, hauna waya hata mmoja, umezungushiwa samadi ya mbuzi.

"Nani amefanya hivi?" nikamuuliza mke wangu.

"Mama ameufungua."

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawajibizani. Basi sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Mwambie baba Wakesho mti ule ulikuwa unateseka. Hata mbuzi hafungwi miguu yote minne."

"Mama Wakesho," nikasema, "mwambie mama mti haukuwa na shida. Ndivyo unavyolelewa."

"Mwambie kulea ni kukuza. Mimi nimelea tisa."

Nilikwenda kuchukua jembe. Mke wangu akanishika mkono wa shati, akaniambia polepole kwamba kitovu cha mtoto kimezikwa pale. Katika ukoo wao kitovu huzikwa chini ya mti hai wa nyumbani, na mti huo hauguswi kwa panga wala jembe. Mama aliwaza kwamba mtu aliyelea mti mmoja miaka saba amekwisha kupata pa kukaa. Nyumba yenyewe si yangu! Ni ya kazi. Anaijua kazi yangu, lakini hakuna aliyemweleza kwamba karani huhamishwa.

Sasa barua ya uhamisho imefika: mwisho wa mwezi tuwe Taveta. Nikiuacha, atakayeingia atauona kuni. Nikiung'oa, mke wangu amesema waziwazi atapanda na mtoto Mghange, wala nisimfuate.

Hapa ndipo penye jambo ambalo sijamwambia mtu. Yule Mchina alinifundisha kwamba mti haung'olewi kwa mara moja. Mizizi hukatwa upande mmoja, ukangojwa, kisha upande wa pili. Siku barua ilipofika, wanawake wakiwa kanisani, nilichimba nusu duara na kukata mizizi ya upande wa ukuta, nikafukia na kusawazisha udongo. Siku ya nne majani ya upande ule yalianza kupukutika. Siku ya tano mtoto akashikwa na homa. Mambo hayo mawili yako katika ukurasa mmoja wa daftari, kwa mwandiko wangu. Najua homa ni ya mbu. Mganga wa zahanati alisema hivyo, akatoa dawa, na mtoto amepona. Najua. Lakini usiku ule wa homa mimi ndiye niliyekaa nimeshika jembe uani, nisijue nataka kufukia au kumalizia.

Mama mkwe ameyaona majani. Kila alfajiri hutoka na kata ya maji ya kunywa, siyo ya kunawa, akaumwagia upande ule ule niliokata, akiuimbia jina la mtoto.

Zimebaki siku tisa. Ninyi mlio na watoto na mlio na wakwe, nisaidieni mawazo: nikate upande uliobaki, niuache mti niondoke, au nimwambie mke wangu kwanza nilichokwisha kufanya?